Pleti ya Nne ya Eneresi

Jairosi Mupfumira alizuia sufuria za dada yangu. Dada alipokufa, sufuria zake, sahani zake, mwiko wake na kila alichopikia vilipaswa kurudi kwa mama aliyemzaa, kama vya kila mwanamke wa kwetu anayefia kwa mume. Jairosi alivifungia kabatini. Kisha akaoa mwanamke mwingine, akamkabidhi ufunguo na kumwambia pika. Hilo ndilo kosa, na mengine yote yametoka humo.

Dada yangu aliitwa Eneresi. Alikuwa mnene, mwepesi wa kununa, na akicheka alifunika mdomo kwa sababu ya jino lililovunjika. Aliishi Masvingo, mtaa wa Mucheke, katika nyumba ambayo yeye na Jairosi waliijenga chumba baada ya chumba, Jairosi akiwa karani wa ghala la mahindi na yeye akiuza nyanya sokoni. Sufuria zake hazikununuliwa na mume. Walikuwa na chama, wanawake wa mtaa, na kila zamu wanamnunulia mwenzao vyombo na kumpelekea kwa nyimbo mpaka uani kwake. Ile sufuria kubwa ya shughuli aliipata mwaka wa ukame, wakati yeye mwenyewe alikuwa analala kwa uji mtupu ili asikose kutoa fungu la chama. Alizisugua kwa mchanga na majivu mpaka unajiona uso. Ukimwazima moja ukaichelewesha, anakuja kuifuata mwenyewe, na hakai hata ukimpa kigoda.

Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha sana nyumbani. Kitu kipya kikiingia kwake, kabla hajakitumia, anatoa kwanza vidude vyake vidogo na kuvitia kwenye kopo la chai: funguo za akiba, skrubu, vifungo. Nilipomcheka aliniambia, "Ndaizivei, sufuria haiwezi kukupotea. Kinachopotea ni hiki," akaniinulia skrubu ndogo kama punje ya mtama.

Binti yake Yeukai yuko Uingereza, anauguza wazee wa watu. Ndiye aliyemtumia mama yake jiko la gesi, la kioo cheusi, la pleti nne za moto, la kutumbukizwa kwenye kaunta. Umeme kwetu unakuja unapotaka, na Yeukai hakutaka mama yake aendelee kupuliza kuni uani kwa umri ule. Jiko lilifika likiwa kwenye boksi lake. Eneresi alilifungua, akalipapasa kile kioo kama anapapasa kichwa cha mtoto, akatoa vidude vidogo, akalifunga tena na kulisukuma chini ya kitanda. Alikuwa anamsubiri fundi wa kaunta. Fundi hajaja, presha ikamwangusha pale pale sokoni, mbele ya meza yake. Hakuwahi kuliwasha.

Siku ya kugawa nguo zake tulikwenda, mimi na mama yangu na kaka yetu. Nguo ziligawiwa vizuri. Ilipofika zamu ya vyombo vya jikoni, Jairosi akakohoa, akamwahidi mama kwamba vitarudi, ila tumpe muda, nyumba bado ina wageni wa msiba, watu watakulia nini. Kuhusu jiko, alisema hilo ni la kaunta, na kaunta ni sehemu ya nyumba, na nyumba ni yake. Dada yake mkubwa, Shangazi Marwei, ndiye anayesema ndani ya ukoo ule. Aliniwekea lile kopo la chai mapajani. "Haya, mama mdogo wa Yeukai, wewe si mshonaji? Vifungo hivyo. Usiseme ulirudi mikono mitupu." Wakacheka.

Nyumbani kwa mama, Gutu, jiko bado ni la msonge, na ukutani kuna ile rafu ya udongo tunapopanga vyungu na tunapopiga magoti kuongea na wafu wetu. Mama aliondoa vyombo vyake vyote upande wa kulia wa rafu ili vya Eneresi vipate pa kukaa. Akapaka upya udongo, akaung'arisha kwa jiwe. Kila asubuhi anapafuta vumbi. Watu wakija wanaona upande mmoja umejaa na mwingine mtupu, na hawaulizi. Mimi nalala humo jikoni tangu niliporudi kutoka kwa mume wangu, na nakwambia, upande ule mtupu una baridi yake. Ukipitisha mkono unaijua.

Halafu Jairosi akamwoa Shuvai, msichana wa rika la Yeukai. Kaunta ikajengwa, vigae vikawekwa, jiko likatolewa chini ya kitanda. Haya niliyaambiwa baadaye na Shuvai mwenyewe, maana hana baya na mtu. Siku ya kwanza aliwasha, moto ukapanda mrefu, wa njano, unayumba kama ulimi. Maji hayakuchemka ila baada ya kusubiri mno. Sadza, ugali wetu, ilikataa kutokota. Ilikaa pale chini ya kifuniko, imenyamaza, na alipoipakua ilikuwa mbichi, ina ladha ya unga. Mke mpya kumpa mume sadza mbichi, kwetu ni aibu inayozunguka mtaa mzima kabla jua halijazama. Na sufuria, zile za dada yangu zilizokuwa zinang'aa, ziligeuka nyeusi tii mpaka kwenye mikono.

Walijaribu kila kitu. Wakasema mtungi una gesi mbaya, wakabadilisha mtungi. Wakasema ni mpira umejikunja, wakanunua mpira mpya. Wakabadilisha kile kichwa cha mtungi. Shuvai alitoa vile vifuniko vya pleti, akaviosha kwa sabuni, akavianika, akavirudisha na kuhakikisha vimekaa sawasawa. Akipunguza moto, unabaki wa njano mfupi. Akiongeza, unarefuka bila nguvu na masizi yanaelea jikoni, yanatua kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye paji la uso wake. Jairosi akawa anakula kwa jirani.

Shangazi Marwei ndiye aliyetamka. Alikuja, akautazama ule moto, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa friji. Akasema, "Huyu ni Eneresi. Anazipaka sufuria zake rangi ya msiba."

Basi nikaitwa. Mimi niliyetolewa na vifungo, nikatumiwa nauli na maneno matamu. Nilipoingia, Shuvai alikuwa amepiga magoti kwenye vigae anasugua masizi, na sufuria za dada yangu zimepangwa sakafuni kama watoto waliofiwa. Niliijua kila moja. Nilishika ile kubwa ya shughuli, weusi ukaniganda vidoleni, na sauti ikanitoka bila kutaka.

Wakanipa ugoro wa kumwitia marehemu. Hakuna udongo jikoni mle, ni vigae tu, kwa hiyo nikaumimina juu ya kigae, ukakaa pale kirundo kidogo cha kahawia. Tukapiga makofi ya heshima. Nikamwita dada yangu kwa jina lake na la ukoo wetu. Nikamwambia ndugu wa mumeo wako hapa, wanasema umekasirika, na mimi sikulaumu.

Shangazi Marwei akanong'ona nyuma yangu. "Mwambie apoe basi. Au na wewe una lako? Labda ulitaka wewe ndiye uletwe kuwasha mafiga ya dada yako."

Sikugeuka. Kwetu mdogo wa marehemu huweza kuletwa akashika jiko la dada yake, na watu wengi walidhani nitaletwa mimi. Sikuwahi kuomba. Nikamjibu nikiwa nimeinama. "Kama ningetaka mafiga, shangazi, ningekuwa nimeyawasha. Muulize shemeji alimwahidi nini mama yangu."

Hapo Jairosi akapiga magoti. Nilimwona kwa macho yangu, karani mzima na shati lake la kola, anapiga makofi kwa viganja vilivyokunjwa mbele ya jiko. Akasema kwa sauti, na mkewe mpya akasikia, na dada yake akasikia: "Eneresi, nimekosa. Vyombo vyako vitakwenda kwa mama yako. Na ng'ombe wa umama wake ambaye sikumtoa nilipokuoa, nitamtoa." Ng'ombe huyo ni haki ya mama kwa tumbo lake. Jairosi alikuwa amekaa na deni hilo shingoni tangu Yeukai hajazaliwa.

Tukawasha. Moto ukapanda ule ule, wa njano, mrefu, ukaegemea upande wake kama mtu anayesikiliza.

Kesho yake walimleta kijana anayeuza gesi karibu na stendi, maana woga haukuwazuia kujaribu njia zote. Aliinama juu ya kaunta, akafungua pleti moja kwa spana, akatoa kitu kidogo cha shaba chenye kitundu katikati, akakimulika. Akaeleza kwamba jiko hili limetengenezewa gesi ya kule lilikotoka, inayopita kwenye mabomba chini ya ardhi, na ile haina nguvu kama hii ya mtungi. Kwa hiyo vitundu vyake ni vikubwa mno, gesi yetu inajaa na kukosa hewa, ndiyo maana ya masizi. Kawaida boksi huja na kijifuko cha vitundu vidogo vya kubadilishia. Akauliza kiko wapi. Shuvai akaapa kwa mama yake kwamba hakuna kijifuko alichokiona kwenye boksi.

Mimi nikakumbuka lile kopo la chai. Nilikwenda Gutu, nikashusha lile kopo, nikamwaga vifungo juu ya mkeka mbele ya mama. Vilikuwemo. Vishaba vinne, ndani ya kijifuko cha plastiki ambacho dada yangu alikifunga kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, kama alivyofunga kila kitu chake. Mama aliugusa ule uzi tu. Hakugusa shaba. Akasema, "Kwa hiyo ni yeye." Nikamwambia kijana wa gesi ameshaeleza, ni vitundu tu. Mama akanitazama. "Na nani aliyevitoa kwenye boksi? Na nani aliyekupa wewe?"

Nilirudi na vitatu. Mama ndiye aliyekifungua kijifuko, akachukua kimoja, akakiweka kwenye rafu, upande ule mtupu. Akasema huyu mkwe wetu tunamjua.

Jairosi alivipokea kwa mikono miwili. Akarudia ahadi, mwisho wa mwezi, sufuria na ng'ombe, gari limeshapatikana. Kijana wa gesi akavifunga vitatu, akasema cha nne kitafutwe, ile pleti isiwashwe. Akawasha. Moto ukatoka wa bluu, mfupi, unanguruma. Maji yakachemka tukiwa bado tunautazama. Shuvai akalia. Akasonga sadza pale pale, ikatokota, ikarusha matone, tukala sote mle jikoni kwa majani ya maboga, na Shangazi Marwei akajilamba vidole na kusema maneno ambayo sitayasahau.

"Kumbe ni vidude tu. Na sisi tulivyomsingizia marehemu wa watu."

Jairosi akacheka. Nikaona bega lake likishuka, kama mtu aliyetua gunia. Ndani ya kicheko kile niliona sufuria zetu zikirudi kabatini.

Mwisho wa mwezi ulipita. Nilipompigia aliongea nami kwa upole sana. "Mama mdogo, tusidanganyane. Tuliyasema yale kwa hofu. Fundi ameonyesha ni kitu cha kiwandani. Sasa nimlipe nani, kiwanda?"

Nikamuuliza kama ng'ombe wa umama naye alikuwa kitu cha kiwandani. Akakata simu.

Tangu hapo anayenipigia ni Shuvai, kwa kificho, akiwa sokoni. Anasema pleti tatu zinawaka vizuri, hajawahi kuona moto mzuri kama ule. Ya nne ameifunika kwa sahani. Lakini kila akipika, sufuria inatoka na masizi upande mmoja, ule unaoelekea ile pleti iliyofunikwa, na hiyo pleti hajaiwasha. Kijana wa gesi amekuja mara kadhaa, hakuona pa kuvuja. Jairosi alinunua kishaba kingine mjini, kikakataa kuingia. Shuvai anasugua. Anasema akiwa anasugua huwa anahisi mtu amesimama nyuma yake, mnene, amenuna, anangoja kurudishiwa chake. Ameniuliza kama anaweza kuzileta sufuria mwenyewe. Nimemkatalia. Hazikufungiwa na yeye.

Mama bado anafuta ile rafu kila asubuhi. Anakinyanyua kile kishaba, anafuta chini yake, anakirudisha. Hakuna kingine upande huo.

Jairosi Mupfumira anadaiwa sufuria zote za Eneresi, zikiwa zimesuguliwa, na ile kubwa ya shughuli ikiwa juu. Anadaiwa sahani na mwiko na jiko lenyewe, maana mtoto alimletea mama yake, hakuiletea nyumba. Anadaiwa ng'ombe jike mwenye ndama. Na anadaiwa kuja Gutu kwa miguu yake, apige magoti mbele ya ile rafu, na ayaseme tena yale aliyoyasema kwenye vigae, safari hii mama yangu akisikia.