Rojo la Majani na Ulimi wa Jirani

Binti yangu ameniletea chupa kutoka Dar es Salaam. Hakuja nayo. Ilikuja kwenye kiroba alichompa kondakta wa basi, pamoja na sabuni, dawa zangu za presha na kanga, maana yeye mwenyewe kazi hazimruhusu, na mimi nimeshaacha kuuliza lini zitamruhusu. Ndani ya chupa mna kitu cheupe, kizito, chenye vipande vya kijani. Akaniambia kwenye simu kwamba ni ya kumwagia saladi, kwamba siku hizi kila mtu anakula. Nikaifungua hapo hapo, nikachovya kidole. Siki na sukari tupu. Nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka nikajishangaa, halafu kicheko kikaisha, ikabaki mvua inapiga bati.

Maana, ndugu yangu, kitu kile mimi nimekilamba tangu sijang'oa meno ya utoto. Bibi yangu alikitengeneza kijijini kwetu Lupepo, katika jiko lenye moshi, na hakikuwa na jina la dukani. Tulikiita rojo la majani, basi.

Alipokuwa msichana, Bibi aliwahi kupika misheni. Wazungu wa pale walikula majani mabichi, jambo lililomsikitisha sana, alidhani wameishiwa kuni. Ila ule mchuzi mzito waliomwagia juu ulimwingia moyoni. Alipoolewa akaondoka nao kichwani. Mafuta na siki akawaachia wenyewe, yeye akaweka vya kwetu, mtindi wa kibuyu na parachichi.

Jumapili tukitoka kanisani, hata kitenge hajabadili, ananituma bustanini nikachume giligilani, nanaa na vitunguu majani. Majani hayo siku zote yalikuwa na maji, kwa sababu kwetu hata kiangazi mvua hunyesha. Nayakung'uta, yeye anayatwanga kwenye kinu kidogo pamoja na kitunguu saumu na chumvi ya mawe, mpaka harufu inakufuata uani. Parachichi zilikuwa zile kubwa za zamani, zenye ngozi laini na nyama ya njano. Moja ilitosha bakuli zima. Anaiponda kwa mwiko. Kisha mtindi, ambao amekwisha kuuchuja kwenye kitambaa usiku kucha ili maji yatoke, na ndimu mwisho kabisa. Ndimu ikitangulia, alisema, maziwa yananuna. Tulilimwaga juu ya saladi na nyanya, tukala na mbalaga, zile ndizi zetu za kupika, na bakuli lilikuwa langu kulamba.

Sasa sikiliza jambo moja. Bibi hakuonja hata siku moja. "Mkono uliopika hauna ulimi," ndivyo alivyosema, na hilo lilikuwa neno lake mwenyewe, sijalisikia kwa mtu mwingine. Aliyeonja ni jirani yetu, mwanamke wa rika lake, ambaye shamba lake na letu yalitenganishwa na mstari wa migomba tu. Bibi anamwita kwa sauti, jirani anakuja anajifuta mikono, anageuza kiganja chini, na Bibi anamdondoshea rojo mgongoni mwa mkono. Jirani analamba. Anafumba macho. Sisi tunangoja kama watu waliofikishwa barazani. Akisema "bado", Bibi anaongeza chumvi au ndimu bila ubishi, yeye ambaye kwa mambo mengine alibishana hata na mchungaji. Akisema "imefika", yaani ladha imefika mahali pake, tunakula. Na jirani akitengeneza la kwake, Bibi ndiye ulimi.

Kuna mwaka waligombana. Upepo uliangusha mgomba wa Bibi, ukalalia upande wa jirani pamoja na mkungu wake, na jirani akaukata ule mkungu akapika. Bibi alisema mgomba una mwenyewe hata ukilala chini. Jirani akasema kilichoangukia kwangu ni changu. Wee, masika yote hawakusalimiana! Kanisani mmoja akikaa kulia, mwenzake anakwenda kushoto. Jumapili ya kwanza nikajua kwamba leo hatuli rojo. Lakini Bibi akatwanga, akaponda, akachanganya, kisha akasimama na mwiko mkononi, anautazama ukuta. Mwishowe akakunja kipande cha jani la mgomba, akatia rojo kidogo, akanipa. Mpelekee yule, akasema, na jina hakulitaja.

Jirani alipoliona jani hakuuliza limetoka kwa nani. Akanyoosha mkono, nikamdondoshea, akalamba, akafumba macho. "Mwambie bado. Chumvi." Nikarudi mbio kwenye tope, Bibi akaguna, akatia chumvi, akanituma tena. "Mwambie imefika." Nikarudisha ujumbe, Bibi akaguna tena, tukala. Hivyo ndivyo walivyozungumza masika yale yote, kwa miguu yangu. Wa kuomba radhi hakutokea. Jumapili moja jirani alikuja mwenyewe kabla sijatumwa, akageuza kiganja, na mambo yakaendelea kana kwamba hakuna mgomba uliowahi kuanguka.

Bibi amekwisha kulala siku nyingi. Mimi niliolewa Mbeya, nikazaa, nikafiwa na mume, nikarudi Tukuyu, na sasa nimepanga chumba na sebule hapa Bagamoyo. Bagamoyo yetu ya huku juu, mtaa wa Tukuyu, siyo ile ya pwani. Watoto wako mbali na wana maisha yao. Napika sufuria dogo, na bado chakula kinalala.

Basi ile chupa ilinitia hasira, nikasema nitatengeneza langu. Kumbe si rahisi. Maziwa ya vijijini asubuhi yote yanakwenda kwenye kituo cha kukusanyia. Kibuyu cha mtindi sijui nani anacho sasa. Nikapata mwanamke anayeuza mtindi wa ndoo. Parachichi za zamani wamekata miti yake, wamepanda hizi ndogo zenye ngozi ya magamba, za kupelekwa nje. Nilizunguka soko zima mpaka mama mmoja wa kijiji cha Masoko akanitolea moja chini ya meza, alikuwa amejiwekea mwenyewe. Nikatia kila kitu kwenye blenda, nikapata povu. Nikanunua kinu.

Jumapili kadhaa nimetwanga. Na nilionja, nakiri sheria ya Bibi niliivunja, nikaonja tena na tena, na ulimi haukunisaidia kitu. Mara nasema ndiyo hii, mara nasema siyo. Ukikitamani kitu sana, kila kitu kinaanza kufanana nacho. Nikamweleza binti yangu. "Sasa mama, si umeonja? Kama ni tamu, ni tamu," akasema, na nyuma yake nikasikia watu wanamwita.

Utamweleza nini. Mimi sikuwa natafuta utamu. Nilitaka mtu mmoja aniambie kwamba hiki ni kile kile, kwamba jiko lile lilikuwapo kweli na mimi nilikuwamo. Na duniani alikuwa amebaki mmoja tu wa kusema hivyo.

Nikapanda bodaboda kwenda Lupepo, kopo la rojo nimelifunga kwenye kanga, nimelipakata. Kwa yule jirani wa Bibi alinipokea mkwe wake, mke wa mwanawe, mtu mwenye adabu nzuri. Akanikaribisha, kisha akaniambia taratibu, huku ananipangusia kiti, kwamba mzee yupo ila kumbukumbu zimemwacha. Hata yeye anayemwogesha huitwa kwa jina la mwingine. Nikamkuta amekaa jikoni karibu na moto, amekuwa mdogo kama mtoto. Nikampa shikamoo. Akaitikia, akaniuliza kwa Kinyakyusa mimi ni wa nani. Nikamwambia. Akanishukuru, ndaga, ndaga, kama unavyomshukuru mgeni aliyekuja kuuza kitu, kisha akaniuliza tena mimi ni wa nani. Nilitaka kuinuka niondoke.

Mkwe wake akaniletea kijiko. Sijui nini kilinituma, nikakikataa, nikatoka nje kwenye mvua nikachana kipande cha jani la mgomba, nikatia rojo, nikarudi nacho ndani.

Yule mzee akaliona jani. Akanyoosha mkono, akageuza kiganja.

Nikamdondoshea. Akalamba. Akafumba macho, na mimi mwenye wajukuu nikasimama mbele yake miguu ina tope. Alipofumbua alinitazama usoni, akanijua. Akanijua mimi wa wakati ule.

"Mwambie imefika," akasema. Halafu, kwa sauti ya chini, kama jambo alilolibeba muda mrefu likamchosha: "Na mwambie aje mwenyewe. Ule mkungu nilikosea. Yaishe."

Nikamwambia nitamwambia.

Shamba la Bibi sasa ni safu za parachichi za kuuza nje, zimepangwa kwa kamba. Nyumba haipo, jiko halipo, mstari wa migomba umeng'olewa hata mpaka wenyewe huuoni. Kaburi lake wameliacha pembeni, nashukuru, limejaa ukoka. Nikasimama pale nimejitanda kanga, nikatoa ujumbe wote kama nilivyopewa, sikupunguza neno. Imefika, Bibi. Anasema uende mwenyewe. Anasema alikosea.

Kisha, kwa mazoea ya zamani, nikangoja agune.