Niliambiwa Nimenona, Kumbe Tezi Zangu Hazilali

Mimi ni Rodah, na pale kijiji cha Raila, Kibera, wengi hunijua kama Mama Brenda. Nasimulia haya nikiwa bado na hofu, kwa sababu nikingoja hofu iishe huenda nisisimulie kabisa.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa mpishi wa busaa, pombe yetu ya kienyeji. Mama alinifundisha tangu nikiwa msichana: unga wa mahindi unauchachusha, unaukaanga kwenye bati mpaka uwe kahawia, unachanganya na kimera cha wimbi, unangoja, unachuja. Watu waliagiza yangu kwa mahari na kwa matanga. Na kwetu kuna desturi ambayo mpishi haikwepi: mgeni hagusi pombe kabla mwenye chungu hajainywa mbele ya macho yake, ili ajue haina sumu. Wanaume wanne wakiingia, nilimimina kikombe, nikanywa mpaka chini, ndipo wakakaa vizuri. Likija kundi lingine, kikombe kingine. Baadaye nikaongeza chang'aa, ile pombe kali, na hiyo nayo ilitaka wa kuionja kwanza. Hata siku moja sikujiita mlevi. Mlevi ni yule anayelala mtaroni. Mimi nilikuwa kazini.

Nilipofika miaka arobaini na mitatu, uso ukaanza kujaa. Mashavu yakawa mviringo na kung'aa, tumbo likatoka, nyama ikaota nyuma ya shingo. Mtaani kwetu hiyo si habari mbaya. Tumezika watu wengi waliokonda, kwa hivyo mtu akinenepa tunafurahi naye. Mama mmoja muuza samaki wa omena aliniita kando akaniuliza natumia dawa gani ya kunona, nimwonyeshe duka. Nilicheka, na nakiri nilijisikia vizuri.

Nikivua nguo mambo yalikuwa mengine. Mikono na mapaja yalikuwa yamekonda. Tumboni palikuwa na mistari mipana ya zambarau, na sikuwa na mimba. Nikijigonga kidogo kwenye meza, ngozi inavilia damu. Hedhi ilipotea miezi mitatu. Halafu siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nikichuja, nikataka kusimama, mapaja yakakataa. Brenda, binti yangu, alinishika makwapani akaniinua kama mtoto. Tulicheka wote wawili, lakini nilimwona ameogopa.

Na kulikuwa na woga wangu mwenyewe, woga usio na sababu. Naamka moyo unaenda mbio, jasho shingoni, naona kama kuna jambo baya limetokea na mimi tu ndiye sijaambiwa. Nikinywa kikombe, unatulia. Baada ya muda unarudi, tena umekuja na wenzake.

Aliyenitoa usingizini ni mdogo wangu Selina, fundi wa nguo kule Kawangware. Alikuwa akinipima gauni, akazungusha utepe kwenye tumbo, kisha kwenye mkono, akarudia.

"Hii si kunona," akasema. "Mimi hupima watu kila siku. Mtu akinona, hunona mpaka mikono."

Akanipeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari alikuwa mwanamke mtulivu. Presha ilikuwa juu, sukari pia. Aliuliza kama nameza zile tembe za kunenepesha zinazouzwa vichochoroni, au napaka krimu za kujichubua, maana vitu hivyo huleta sura kama yangu. Nikasema hapana. Akauliza kama nakunywa pombe. Nikasema hapana, na sikuona kama nadanganya.

Aliniagiza nikusanye mkojo wote wa mchana na usiku mmoja ndani ya mtungi. Choo chetu ni cha wapangaji wa ploti nzima, kwa hivyo kila nikibanwa nilijifungia chumbani na mtungi wangu. Mteja mmoja aliuona pale pembeni akauliza kama hiyo ndiyo ya leo. Nikamwambia hiyo ina mwenyewe.

Majibu yalikuja mabaya. Homoni moja iitwayo kotisoli, ile ambayo mwili huimwaga wakati wa hatari, ilikuwa imepanda kupita kiasi. Daktari alisema huenda kuna uvimbe kichwani, au kwenye tezi zilizo juu ya figo, na ukipatikana, nitapasuliwa. Nilisikia neno uvimbe, mengine yakapita. Nilimfikiria Brenda, ambaye hana baba.

Nikaweka nadhiri. Nilimwambia Mungu akiniponya sitapika pombe tena, nikahamia kwa Selina nikaacha kila kitu kwa siku moja, bila kumwambia mtu. Hilo lilikuwa kosa, na ningetaka mlisikie vizuri. Siku ya kwanza mikono ilitetemeka. Siku ya pili nilitapika, kisha nikaona siafu wakitembea juu ya kitambaa cheupe alichokuwa akishona Selina. Nikawa nawapangusa. Selina alisimamisha cherehani akanitazama. Siku ya tatu mchana nilikuwa namenya viazi, na hapo kumbukumbu inakatika. Selina anasema nilianguka, nikakakamaa, nikarusha mikono na miguu, nikajikojolea. Nilipopata fahamu nilikuwa hospitali ile ile, ulimi una jeraha pembeni, na daktari yule yule amesimama kando ya kitanda.

Akarudia swali lake la pombe. Nikageuza uso ukutani.

"Rodah, mwambie," Selina akasema. "Mimi nimekuona ukinywa kutoka asubuhi."

"Hiyo si kunywa. Ni kuonja. Mteja hawezi kunywa kabla yangu."

Daktari hakunicheka. Aliuliza tu, siku yangu ya mwisho kazini, niliwatangulia wateja kunywa mara ngapi. Nikahesabu vidole vya mikono yote miwili, nikaanza upya. Nilipofika kumi na saba nikaacha kuhesabu, nikalia kwa sauti, mtu mzima.

Ndipo akanieleza. Ubongo ukiona hatari hutuma ujumbe kwenye damu. Kwenye zile tezi za juu ya figo kuna vipokezi, na kazi yao ni kuupokea ujumbe huo ili tezi imwage kotisoli. Hatari ikipita, ubongo hunyamaza na tezi hupumzika. Pombe ya kila siku huvuruga mazungumzo hayo. Ujumbe unatumwa bila hatari yoyote, na vipokezi navyo havisikii tena sawasawa: kwa mtu mmoja tezi inazidisha, kwa mwingine inachoka kuitikia.

"Ni kama mtu anakugongea mlango, unafungua, hakuna mtu," akasema. "Halafu anagonga tena. Ungelala?"

Nikamuuliza basi ni pombe au ni uvimbe. Akasema ukweli kwamba hajui. Vyote viwili hufanana. Njia ya kujua ilikuwa niache kabisa, safari hii wakinilinda kwa dawa na vitamini, kisha baada ya wiki sita tupime tena. Homoni ikishuka, ilikuwa pombe. Isiposhuka, tutafute uvimbe.

Wiki sita ni ndefu. Nilikaa wodini siku saba, kisha kwa Selina. Kila asubuhi nilishika mashavu yangu kabla sijasema hata salamu. Siku moja nayaona yamepungua, kesho naona ni yale yale. Shangazi alikuja kunipa pole akiwa na chupa ya chai, nikaifungua nikakuta busaa. Hakuwa na ubaya. Aliona mgonjwa ananyimwa chakula. Harufu ile ilinijaza mate mdomoni. Nilimpa Selina chupa nikatoka nje, nikatembea mpaka Riruta na kurudi, mapaja yakiuma.

Siku ya majibu sikuweza kukaa kwenye benchi. Daktari alisoma karatasi, akasoma ya zamani, akaziweka pamoja. Kotisoli ilikuwa imeshuka. Presha imeshuka. Hakuna uvimbe wa kutafutwa, alisema, na hakuna kupasuliwa.

Selina alimshukuru Mungu hapo hapo. Kwangu mimi haikuwa furaha peke yake. Daktari alikuwa ameongeza kwamba nikirudi kwenye pombe, yote yatarudi.

Namshukuru Mungu, na Selina na utepe wake, na daktari aliyeuliza mara mbili. Sasa napika chapati. Wewe unayesoma, ukivimba uso huku mikono inakonda, usingoje kupongezwa. Ukiulizwa unakunywa, hesabu vikombe vyote, hata vya kazi. Na ukitaka kuacha, usiache peke yako gizani kama mimi. Nenda hospitali wakushike mkono.

Wakati mwingine, msinione mjinga, huwa natamani ungekuwa uvimbe. Uvimbe daktari angeukata mara moja, nikiwa nimelala. Huu wangu naukata mwenyewe kila siku, na niko macho.