Msumeno ulioombewa Tumati

Leo asubuhi, huku Tumati, nimeona mchungaji akiuombea msumeno wa mashine.
Muda mfupi baadaye akauzuia usiwashwe.

Nilikuja kuandika habari ya ujenzi wa kanisa. Matofali mabichi yako tayari, bado kuyachoma kabla mvua haijayaharibu. Kwa ajili ya kuni, waumini walikubaliana kukata miti mitatu iliyo juu ya chemchemi.

Tulipofika hapo na mchungaji na waumini, tulimkuta Bibi Martina, muumini mzee kuliko wote usharikani, akichota maji. Tukamwamkia shikamoo. Akaitikia, huku anautazama msumeno.

"Mchungaji, maji ya ubatizo mnachota wapi?"

"Hapa hapa, bibi."

"Na miti hii ikiondoka?"

Mzee wa kanisa akadakia: "Bibi, kazi hii tumeshaiombea."

"Mlimwomba Mungu, au mlimpa taarifa?"

Watu wakacheka. Mchungaji hakucheka.

Kwa kazi yangu nimezoea viongozi wanaosema "tutalifanyia kazi". Huyu alisema, mbele ya waumini wake wote: "Nimekosea. Hatukati."

Fundi wa ujenzi akauliza matofali yatakuwaje mvua ikinyesha.

"Yakiharibika tutafyatua mengine," mchungaji akamjibu. "Chemchemi hatujui kuifyatua."

Tuliporudi kwenye matofali akakunja mikono ya shati, akaanza kuyafunika. Nami nimeweka daftari mfukoni, nikashika upande wa pili wa turubai.

Maturubai hayatoshi. Aliye karibu na Tumati na ana la ziada, alilete sasa. Mawingu yameshafunga.