Mkono wa Kushoto wa Shangazi Kadii

Shangazi Kadii ni dada yake baba, na katika steji yetu ya Muyeye yeye ndiye mwanamke peke yake anayeendesha bodaboda. Steji iko ng'ambo ya barabara, nami nakaanga mihogo upande huu, kwa hivyo maneno ya steji hunifikia yangali moto.

Mwaka jana alianguka kwenye mchanga akirudi kutoka Ganda. Piki ilimlalia, mkono wa kushoto ukavunjika karibu na kiganja. Siku alipotolewa plasta, baba alishuka kutoka Marafa akasema naye mbele ya nyanya, mama yao.

"Kadii, mimi sikukatazi. Lakini siku huo mkono ukikukataa, piki aichukue Dena. Sitaki kuzika dada kwa ajili ya piki."

Dena ni mtoto wa amu yetu, kijana mwenye nguvu asiye na kazi. Shangazi alimtazama nyanya, kisha akasema, "Haya, kaka." Kwetu jambo likisemwa mbele ya nyanya limekwisha.

Akarudi barabarani, na miezi ikapita bila neno. Halafu tairi la nyuma likaisha meno, likawa kipara kabisa. Akaenda kubadilisha kwa Mahdi, fundi wa hapa Muyeye, kijana nadhifu ambaye hata spana zake huzipanga kwa ukubwa. Mahdi alitia tairi jipya, akakaza mnyororo, akarudisha gurudumu mahali pake. Kwenye vile vyuma viwili vinavyoshika gurudumu la nyuma kuna mistari midogo iliyochongwa, mmoja kulia na mmoja kushoto, ili fundi alinganishe gurudumu likae sawa. Mahdi alilinganisha mpaka akapiga goti chini akafumba jicho moja.

Shangazi hakufika mbali. Alirudi steji uso umekaza.

"Yanivuta," alisema. "Yanivuta kushoto."

Wanaume wa steji wakatazamana. Hakuna aliyesema mkono, lakini wote waliutazama.

Kalume, ambaye akinyamaza huwa mgonjwa, ndiye aliyeanza. "Labda yaenda kwao. Kushoto huko si ndiko baharini? Yataka kuogelea."

"Kalume, leo sitaki."

"Haya dada, nisamehe. Tairi jipya huteleza. Liendeshe, litazoea."

Akaliendesha. Halikuzoea. Abiria mmoja, mama mwenye kikapu cha samaki, alishuka katikati ya njia akasema afadhali atembee. Shangazi akairudisha piki kwa Mahdi.

Mahdi hakukasirika. Alipima upepo wa tairi, akakuta umezidi kidogo, akaupunguza. Alizungusha gurudumu akatazama ule mstari wa pembeni ya tairi kama umekaa sawa na rimu pande zote, ukawa umekaa. Mshale uliochorwa kwenye tairi ulielekea mbele, unavyotakiwa. Akagonga spoki moja moja kwa spana, zote zikalia sauti moja. Akaenda gurudumu la mbele, nalo halikuwa na neno. Mwisho akamwonyesha ile mistari miwili.

"Dada Kadii, tazama mwenyewe. Kulia hapa, kushoto hapa. Hata iliyotoka kiwandani haiwi sawa hivi."

"Naona."

"Basi…" Mahdi akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na mkono, waendeleaje?"

Shangazi alimshukuru akaondoka.

Tangu siku hiyo nilimwona nyumbani, ambako twakaa naye, akifanya mambo ambayo hakuwa akiyafanya. Ndoo ya maji, aliyokuwa akiibeba kwa kulia, sasa aliibeba kwa kushoto. Sufuria ya ugali aliishika kwa kushoto akisonga, kisha akiiepua aliutazama ule mkono kama mtu anayemtazama mgeni aliyekaa sana bila kusema alichojia. Sikumuuliza. Yeye mwenyewe aliniambia akiwa amenipa mgongo: "Nikiushika usukani nausikia wavutwa. Sasa sijui piki ndiyo yavuta, ama mimi ndiye nalegea."

Maneno huenda Marafa haraka kuliko gari. Baba akapiga simu. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Jumapili angekuja na Dena.

Jumamosi asubuhi shangazi alivuka barabara akamwendea Kalume.

"Nipe piki yako."

"Ya nini?"

"Niizungushe mpaka kule kwenye lami nirudi."

Kalume alicheka, kisha akaona hakuna mwenzake wa kucheka naye. "Nikupe piki yangu, nawe mkono ndio huo?"

"Kwa sababu mkono ndio huu. Ya kwangu kila mtu ashaipanda, mwasema haina neno kwa kuwa mwaikamata kwa nguvu kama mwakamata mbuzi. Mimi nataka kuipanda isiyokuwa yangu, nione kama nayo yanivuta."

Mtu hutoa piki yake kwa shida, na kumpa aliyevunjika mkono ni shida zaidi. Kalume alikuna shingo.

"Basi nami napanda nyuma. Ikianguka niwe shahidi."

Wakaondoka, Kalume ameshika chuma cha nyuma kwa mikono yote miwili, midomo yasema kitu, nadhani ni sala. Waliporudi, shangazi alizima, akashuka, akasimama tu. Kalume ndiye aliyesema na watu.

"Jamani, huyu mama kule mwisho aliondoa mkono wa kulia. Ameshika kwa kushoto peke yake! Piki imenyooka kama reli. Mimi ndiye nimezeeka mwaka mzima pale nyuma."

Wakacheka. Shangazi hakucheka. Alikuja upande wangu, akachukua kipande cha muhogo, akakila chote polepole. Mkono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti, umetulia.

"Basi ni piki," alisema. "Mahdi kafanya kazi yake sawa, nayo bado ni piki."

Aliisukuma hadi uani. Alikaa chini mbele yake kitambo. Ndipo akaniambia kuhusu Kamande, fundi aliyeitengeneza baada ya ajali, ambaye siku hizi amehamia Mtwapa na simu yake haipatikani. Shangazi alikuwa na plasta wakati ule, amekaa kwenye benchi akimtazama, na Kamande alikuwa amefunga uzi kwenye magurudumu. "Nilidhani acheza," alisema.

Akatoa mshipi wa kuvulia samaki tunaoanikia nguo. Aliuzungusha nyuma ya tairi la nyuma, akazivuta ncha zake mbele, moja kila upande, mpaka zikapita gurudumu la mbele. Kisha akapima nafasi kati ya mshipi na tairi la mbele kwa vidole. Upande mmoja viliingia vitatu na nafasi ikabaki. Upande wa pili hata kidole kidogo kilikwama.

Akainama kwenye mistari ya Mahdi. Ilikuwa sawa kabisa, lakini gurudumu lilikuwa limekaa upande. Akafuta chuma kwa kanga. Upande wa kushoto vumbi lilikuwa limeganda kila mahali, ila duara moja dogo lililong'aa, mahali ambapo nati ilikaa mwaka mzima. Duara lile halikuwa kwenye mstari. Lilikuwa nyuma yake.

"Kwani nilianguka peke yangu?" alisema. "Nayo ilipinda."

Kamande alikuwa ameuona ule upindo, akauacha mstari, akafuata uzi. Hakumwambia, au alimwambia naye akiwa na maumivu hakusikia. Sasa shangazi alilegeza nati, akairudisha kwenye lile duara, akapima tena kwa mshipi. Vidole viwili huku, viwili huku. Akakaza ekseli akiwa ameshika spana kwa kushoto.

Jumapili baba alifika na Dena. Dena alikuwa amekuja na helmeti yake kabisa, mpya, ameikumbatia kifuani. Shangazi aliwapa chai. Baba alipoanza, "Kadii, tulikubaliana mbele ya mama," shangazi alisema, "Tulikubaliana. Panda."

Baba si mtu wa kupanda piki. Alipanda. Dena naye akapanda nyuma yake, watatu, wakaenda njia ya Ganda, ile ile. Mimi nilibaki mlangoni nikisikiliza ule mlio mpaka ukapotea, kisha nikausikiliza mpaka ukarudi.

Baba alishuka akakung'uta suruali ambayo haikuwa na vumbi. Dena akashuka, akatazama helmeti yake, akatazama chini.

"Pale kwenye mchanga," baba alisema, "hukupunguza mwendo."

"Nilipunguza, kaka. Hukusikia kwa kuwa haikuyumba."

Baba aliushika ule mkono wa kushoto, akaugeuza, akaukandakanda pale ulipovunjikia kama mtu anayechagua embe. "Waumwa?"

"Mvua ikinyesha."

"Basi mvua ikinyesha ukae nyumbani."

"Mvua ikinyesha ndipo watu hutaka piki."

Baba akamwambia Dena avae helmeti, kisha akamuuliza shangazi kama angewafikisha kwenye magari ya Marafa kabla jua halijawa kali.