Mlinzi Hamsemeshi Mfungwa

Pale Kanyakine watu walimcheka Kathuri kwa sababu ya miguu yake. Kila asubuhi, kabla hata ya uji, aliketi juu ya gogo mbele ya kambi ya homgadi, wanakijiji waliopewa bunduki na serikali kupigana na watu wa msituni, akajizungushia vile vitambaa virefu vya Keya, jeshi lake la zamani la Waingereza, kutoka kifundoni mpaka chini ya goti, polepole kama mama anayemfunga mtoto mchanga. Vijana wa kambi walikwenda miguu mitupu na bunduki walizibeba kama majembe. "Sajini, Wajapani walishaenda kwao!" walimtania. Yeye aliendelea kuzungusha. Alimaliza, akasimama, akazikagua bunduki zao moja moja, na ole wako akikuta kutu.

Huo ulikuwa mwaka wa hamsini na nne, Hali ya Hatari imepamba moto. Kathuri alikuwa amepigana na Wajapani huko Bama, akarudi na kovu shingoni na mzigo wa sheria. Loo, sheria! Padre mwenyewe hakuwa nazo nyingi vile. Usilale na kiatu kichafu. Usimwelekezee bunduki mtu usiyetaka kumwua. Mfungwa akishakamatwa si wako tena, ni wa daftari. Mlinzi hamsemeshi mfungwa. Alizitoa kwa Kiswahili cha jeshini hata nyumbani, ambako wenzake wote walisema Kimeru, na ukimkatiza alianza upya.

Mdogo wake, Muturi, hakuwa homgadi wala mtu wa msituni. Kazi yake ilikuwa kuezeka nyumba, basi. Mwezi wa tatu watu wa msituni walimkamata njiani akitoka kazini, wakidai anapeleka habari serikalini. Hakurudi, na mwili haukuonekana. Mkewe, Teresia, akabaki hajui kama ni mjane au ni mke. Majirani hawakuja kumlilia marehemu, maana utamlilia nani na kaburi hakuna?

"Nataka kujua alipolala tu," alimwambia Kathuri kila alipomwekea chakula. "Nikijua, shemeji, na mimi nitalala."

Kathuri alikuwa akila kwa shemeji yake tangu mkewe mwenyewe afariki, na maneno hayo aliyala kila siku pamoja na kiazi kikuu.

Mwezi wa saba, asubuhi yenye ukungu, mtu mmoja alitoka msituni ameinua tawi bichi juu, ishara ya kujisalimisha. Alikuwa Mutegi, mwenyeji wa ng'ambo ya mto. Kambi nzima ilimjua, na kila mtu alijua alikuwa katika kundi lile lile lililomchukua Muturi.

Mkuu wa kambi, Nyamu, alimtazama kama mtu anayetazama kuku wa Krismasi. "Apelekwe boma la serikali, Meru," alisema. "Lakini njia ni ndefu, na watu hawa wana tabia ya kutoroka."

Vijana wakacheka. Mwezi ule watu watatu walikuwa wametoka pale kwenda boma, na wote watatu, ati, walijaribu kutoroka. Hakuna aliyefika.

"Nitampeleka mimi," alisema Kathuri.

Nyamu akampiga bega. "Haya, Sajini. Wewe ndiye mwenye haki zaidi."

Akampa vijana wawili wa kumsindikiza. Ndipo Kathuri akaketi juu ya gogo lake, akaanza kufungua kitambaa cha mguu wa kushoto. Vijana wakasogea kutazama. Tangu atoke Bama hakuna aliyewahi kuuona mguu ule mchana. Akakizungusha kwenye mkono wake wa kushoto pamoja na mkono wa kulia wa Mutegi, akakaza fundo kwa meno.

"Sasa huyu akitoroka, ametoroka na mimi," alisema. "Atakayempiga risasi, aniandike na mimi."

Walitembea hivyo kutwa nzima, mguu mmoja wa Kathuri umefungwa na mwingine uko wazi. Penye daraja vijana wakasema, "Sajini, mfungue akajisaidie kichakani."

"Atajisaidia hapa hapa. Mimi nitatazama mlima."

Alimchukia yule mtu, tusidanganyane. Alihisi mshipa wa Mutegi ukipiga juu ya mshipa wake, akawaza kwamba huu unapiga na wa Muturi umenyamaza. Swali lilimjaa kifuani: yuko wapi? Mutegi naye aligeuza shingo mara kwa mara, akakohoa, akamtazama. Lakini mlinzi hamsemeshi mfungwa. Kathuri alimeza swali lake akasema, "Macho mbele."

Jioni walipita Makutano, wakafika boma. Karani alitaka kumpokea Mutegi kwa mdomo tu. Kathuri alisimama mbele ya meza yake kama mlingoti mpaka akaandikiwa karatasi: Nimepokea mtu mmoja, mzima. Kesho yake alirudi nayo nyumbani kifua mbele.

Teresia aliisikiliza ikisomwa, pamoja na habari za njiani. "Mlifungwa mkono kwa mkono?"

"Kutwa nzima."

"Na akakwambia Muturi yuko wapi?"

Kathuri alikunja karatasi. "Sikumwuliza. Sheria hairuhusu kum..."

"Hukumwuliza!" Teresia alishika kichwa. "Kutwa nzima, shemeji! Ungemwua ningekuelewa. Ungemwachilia ningekuelewa. Lakini hukumwuliza?"

Alitoa chakula, akakiweka chini, akatoka nje.

Alfajiri Kathuri aliondoka tena kwenda Meru, mara hii bila sare, miguu yote miwili wazi, ndugu ya mtu na si sajini. Karani alimtambua. "Wako aliondoka kwa lori jana usiku," alisema. "Kambi gani, sijui. Na hata ningejua nisingekwambia, mzee. Ulishakabidhi. Si wako tena, ni wa daftari."

Ile ilikuwa sheria ya Kathuri mwenyewe. Alirudi, akakabidhi bunduki kwa Nyamu, akawa mkulima wa kahawa. Teresia aliendelea kumpikia. Maneno ndiyo hakumpa, miaka mitano.

Mwaka wa hamsini na tisa Mutegi alifunguliwa. Hakupita kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja kwa Teresia, amekonda, akamchukua yeye na Kathuri hadi ukingo wa msitu, chini ya mti wa mwiria, akawaonyesha mawe matatu.

"Sikumwua mimi," alisema. "Lakini kaburi nililichimba, na mawe haya niliyaweka ili pasipotee."

Teresia alipiga magoti, akalia kile kilio cha miaka mitano. Majirani wakakisikia kutoka mashambani, wakaanza kupanda kuja.

Kathuri alibaki amesimama wima, mikono ubavuni. "Ulijua siku ile," alisema. "Mbona hukuniambia njiani?"

"Nilitaka," Mutegi akajibu. "Nilingoja uniulize, tangu darajani mpaka Makutano."