Aliyepotea Katika Msitu Alioupanda Mwenyewe

Amefariki yule bwana aliyenipoteza, mchana kweupe, katika msitu alioupanda mwenyewe. Habari imenikuta kwa kinyozi, huko Kirumba, nusu ya kichwa imenyolewa, na nakiri sikulia. Nilicheka mpaka kinyozi akazima mashine. Msinihukumu haraka. Marehemu alikuwa bwana misitu wa serikali hadi ilipokuja ile miaka ya tisini ya kupunguza watu kazini, naye akapunguzwa. Kila aliyepunguzwa siku zile alifungua kampuni. Huyu akafungua ya kutembeza watalii kwa miguu juu ya Nyegezi: mnapanda vilima, mnapita msituni, mnashukia machimbo ya mawe, mnatokea ziwani na kurudi mlipoanzia, yote kwa siku moja. Alikuwa na muhuri, kofia, cheo cha mkurugenzi alichojipa, na sharti moja: marufuku kurudi kwa njia mliyojia. "Hiyo ni kazi ya ng'ombe," alisema. Alichokosa ni watalii, ndiyo maana akanialika mimi. Nikimwandika vizuri gazetini, watu wangeacha kumwita "yule aliyepunguzwa."

Siku moja kabla, alikuwa amezunguka na ndoo ya chokaa akichora mishale kwenye mawe ya njiani. Hakuuliza mtu. Tulipanda vizuri, mshale baada ya mshale, yeye mbele akinitajia miti kama anayetambulisha wakwe. Ghafla mishale ikakoma. Bwana misitu akavua kofia, akaitazama mikaratusi aliyoiacha ikimfikia magotini na sasa inamzibia jua, akasema, "Tunakata kushoto." Tukakata kushoto. Mara tatu tulipita mkaratusi ule ule uliopinda, na kila mara aliniambia kwamba hapa sasa mandhari yanabadilika. Mara ya nne niliusalimia.

Sauti za nyundo ndizo zilizotuokoa. Machimboni walikaa akina mama wakiponda kokoto, na kwenye lundo la mama mmoja wa makamo niliona vipande vyenye chokaa. Mishale yetu ilikuwa imeshapondwa.

"Shikamoo, mama," alisema mkurugenzi kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Ni wewe uliyepaka mawe yetu? Mlima mmemuuzia nani?"

Hapo nikaelewa. Siku zile chochote kilichopakwa alama kilikuwa kimepata mwekezaji: kiwanda, ghala, hata choo cha soko. Akina mama waliamua kwamba mwekezaji akija asikute cha kuonyeshwa. Bwana misitu akaapa kwamba hajauza hata kokoto moja, anatembeza watu tu.

"Wanatembea kwenda wapi?"

"Wanazunguka, mama, halafu wanarudi walipoanzia."

Mama akaweka nyundo chini. "Na akili zao ni nzima?"

Machimbo yote yakacheka. Mama akatuonyesha njia tuliyopandia, akasema tushuke kwa amani. Bwana misitu akaketi juu ya jiwe, machozi yanamlenga. "Nikimrudisha huyu kwa njia ile ile, mama, nitakuwa nimepunguzwa mara ya pili." Mama akajifunga kitenge upya. "Haya, inuka, baba." Akatupitisha njia yao ya kuchotea maji hadi ziwani, na kutoka ziwani hadi Nyegezi. Tangu siku ile yeye ndiye aliyeongoza kila msafara, na mkurugenzi akaja nyuma kabisa, amebeba chupa za maji.

Tumemzika Buswelu. Mama alikuja, sasa bibi kizee, na tulipotaka kuondoka akasimama katikati ya njia tuliyojia, akainua mkongojo. Hakuna kurudi huku. Watu wazima na suti zetu, padri akiwemo, tukazungukia shambani kwa watu, mbigili zikitung'ang'ania suruali, mpaka tukatokea tulipoacha magari. Njiani niliwaza kwamba miaka ile wengi walituchorea mishale bila kuuliza ni nani anakula kwa jiwe lile. Huyu naye alichora, lakini alipoulizwa aliketi, akasikiliza, akakubali kuongozwa. Sijaona wengi waliofanya hivyo; hata mimi sikufanya. Mama alifika magarini, akatukagua mmoja mmoja kama zamani, akageuka kutazama tulikotoka. "Yule wa maji mbona hajafika?" aliuliza kwa mazoea, kisha akaziba mdomo kwa kitenge. Hapo ndipo nilipolia.