Kilo Nne, Pamoja na Kuku

Mzee mtunza kumbukumbu wa kituo chetu cha yatima hapa Ifakara huanika madaftari ya usajili kama mpunga. Mafuriko yakipita, anatandika turubai uani, anafunua kurasa moja moja kwa vidole vyake virefu, kisha anakaa na fimbo kufukuza kuku. Anawachukia kuku kabisa. Mimi mpishi nikimwambia daftari halina punje, ananijibu kwa sauti ya kusomea misa, "Kuku hajui kusoma, dada. Ndiyo maana simwamini."

Juzi akaja Mbuke, mama wa miaka thelathini aliyechukuliwa hapa akiwa mchanga, akalelewa Malinyi. Alitaka kujua nani alimzaa. Kwapani amebeba jogoo wa zawadi. Mzee aliitikia shikamoo yake huku akimkodolea macho yule jogoo, fimbo mkononi. Akavaa miwani, akalamba kidole, akapekua weee, halafu akasoma: "Mtoto wa kike. Ameachwa getini ndani ya tenga. Kilo nne, pamoja na kuku."

"Kuku?"

"Mlikuja tenga moja. Kila tukimtoa, unapiga kelele. Tukawapima wote."

"Na jina la mama?"

"Halipo."

Mbuke akainamisha kichwa. Mzee akavua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Jina hakuacha, mwanangu. Ila hakutaka uingie kwa watu mikono mitupu."

Mbuke akamtazama jogoo kwapani mwake. Nasi tukamtazama. Mzee akaweka fimbo chini.